Kuanzisha biashara ndogo ughaibuni kwa mtaji mdogo: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mtu mwenye mtaji mdogo nje ya nchi yake huanza kwa kuuliza: nifanye biashara gani? Swali hilo linastahili nafasi ya tatu. La kwanza ni kama karatasi zake zinamruhusu kufanya biashara yoyote ile, na la pili ni nani hasa atakayemlipa. Kukodi chumba, kununua mashine na kutengeneza nembo ni mambo ya mwisho kabisa, ingawa ndiyo yanayopendeza macho na ndiyo yanayomaliza pesa. Mwenye mtaji mkubwa anaweza kuuvuruga mpangilio huu akasalimika. Wewe mwenye kidogo ukitanguliza chumba mbele ya kibali na mteja, pesa itakwisha hata kabla hujajua kama biashara yenyewe ilikuwa nzuri au mbaya.

Hatua ya 1: Soma kibali chako kabla ya kuhesabu pesa

Mbele ya ofisi ya uhamiaji, kumiliki biashara na kufanya kazi ndani ya biashara hiyo ni mambo mawili. Nchi nyingi hazimkatazi mgeni kuwa na hisa au kusajili kampuni. Zinachokataza ni mgeni huyo kusimama kaunta, kubeba mizigo ya wateja au kupokea simu zao bila ruhusa ya kufanya kazi.

Marekani inaonyesha jambo hili vizuri. Mtu asiyewahi kukanyaga huko anaweza kumiliki kampuni ya aina ya LLC (ambayo mwenye nayo hawajibiki binafsi kwa madeni yake) iliyosajiliwa katika jimbo la Delaware au Wyoming, na hakuna atakayemuuliza viza. Lakini mwanafunzi mwenye viza ya F-1 asiye na idhini ya kazi, akianza kuosha magari ya watu kwa jina la LLC yake, amevunja masharti ya viza, hata kama kampuni imesajiliwa kihalali na kodi inalipwa. Cheti cha kampuni hakigeuki kuwa kibali cha kazi.

Uingereza mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri wala kuendesha biashara. Aliyekuja kwa viza ya Skilled Worker, yaani ya mfanyakazi mwenye ujuzi, amefungwa kwa mwajiri aliyemdhamini, pamoja na kazi chache za ziada zenye masharti, ilhali mwenza wake aliyekuja kama mtegemezi anaweza kujiajiri. Kwa hiyo ndani ya nyumba moja mmoja anaweza kufungua biashara na mwingine hawezi, na ni heri mlijue hilo kabla ya kuamua jina la nani liende kwenye karatasi. Australia, kwa upande wake, mwanafunzi anaruhusiwa kujiajiri, ila saa zake zinahesabiwa ndani ya kikomo cha saa 48 kwa kila wiki mbili wakati masomo yanaendelea.

Chukua kibali chako, soma masharti yaliyoandikwa pale, kisha tafuta maelezo ya kibali hicho kwenye tovuti rasmi ya uhamiaji. Ukibaki na shaka, muulize mwanasheria au mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, na upate jibu kwa maandishi. Jibu la kundi la WhatsApp halina thamani hapa. Kila kundi lina mtu anayesema "mimi nafanya miaka yote na sijakamatwa", na huenda anasema kweli, lakini yeye si mwenye kibali chako.

Hatua ya 2: Kama bado hujaichagua nchi, linganisha milango yake

Viza za uwekezaji nyingi hazikuandikwa kwa ajili ya mtu mwenye mtaji mdogo. Afrika Kusini viza ya biashara inataka uwekezaji wa randi milioni 5. Kenya kibali cha mwekezaji cha daraja la G kinaanzia dola 100,000. Japani ilipandisha kiwango cha mtaji kwa viza ya meneja wa biashara kutoka yeni milioni 5 hadi milioni 30 mwezi Oktoba 2025. Sheria ya uwekezaji ya Ghana ya mwaka 2013 iliweka dola milioni 1 kwa mgeni anayetaka kufanya biashara ya kununua na kuuza, na uchuuzi mdogo ikawaachia raia.

Kuna pia nchi zinazofunga aina fulani za kazi bila kujali mtaji. Tanzania mwezi Julai 2025 ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo uwakala wa pesa kwa simu, ufundi wa simu, saluni na uongozaji watalii. Usikadirie kwa macho. Kuona wageni wakifanya kazi fulani mtaani hakumaanishi kwamba kazi hiyo ni halali kwao.

Viza ya mwekezaji ya Marekani iitwayo E-2 husifiwa sana kwa sababu haina kiwango maalumu cha mtaji kilichoandikwa kwenye sheria. Kinachosahaulika ni uraia: ni ya raia wa nchi zenye mkataba tu. Kongo zote mbili zimo kwenye orodha. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi hazimo. Mtu akikuuzia huduma ya kukutafutia E-2 bila kwanza kuuliza pasipoti yako ni ya wapi, ondoka.

Ukiyaweka yote pamoja, utaona kwamba mwenye mtaji mdogo ana njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kuingia kwa mlango mwingine unaompa haki ya kufanya kazi kwa uhuru, kama ndoa, ukaazi wa kudumu au utegemezi, ndipo afungue biashara akiwa ndani. Ya pili ni kubaki alipo na kuuza nje kwa mtandao. Estonia, kwa mfano, tangu 2014 inatoa utambulisho wa kidijitali unaomwezesha mgeni kusajili na kuendesha kampuni ya Umoja wa Ulaya akiwa mbali. Hautoi haki ya kuishi huko, wala hata ya kuingia nchini.

Ipo njia ya tatu, na hiyo ndiyo inayowamaliza watu: kuandikisha biashara kwa jina la mwenyeji. Rafiki, mwenye nyumba au kafili (mdhamini wako katika nchi za Ghuba) anakubali jina lake litumike, wewe unatoa pesa na jasho, yeye anapata fungu lake kila mwezi. Mambo huenda vizuri mpaka biashara ianze kuingiza pesa ya maana. Kisheria leseni ni yake, akaunti ni yake, mkataba wa pango ni wake, na ukienda mahakamani unaanza kwa kukiri kwamba ulikwepa sheria. Saudia mpangilio huo unaitwa tasattur, na sheria ya mwaka 2020 inauadhibu kwa kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya hadi riyali milioni 5, na mgeni hufukuzwa nchini baada ya hapo. Falme za Kiarabu zilikuwa na utaratibu halali wa mshirika mwenyeji mwenye hisa nyingi, lakini mabadiliko ya sheria ya kampuni yaliyoanza kutumika Juni 2021 yaliruhusu mgeni kumiliki asilimia 100 katika shughuli nyingi. Kwa hiyo anayekwambia leo kwamba huko lazima umpe mwenyeji asilimia 51, mwombe akuonyeshe sheria inayohusu shughuli yako.

Hatua ya 3: Chagua biashara inayolipwa kabla haijatumia

Kwa mtaji mdogo, kipimo changu kikuu ni tarehe mbili: siku unayotoa pesa na siku unayoipokea. Biashara ya usafi inanunua sabuni leo na kulipwa leo. Mkalimani hanunui chochote. Fundi anaweza kuomba malipo ya awali ya vifaa. Lakini anayeagiza shehena kutoka ng'ambo analipa mwezi huu, anasubiri meli, analipa forodha, analipa ghala, kisha anaanza kutafuta mnunuzi. Biashara hiyo inaweza kuwa na faida kubwa kuliko zote na bado ikamuua mwenye mtaji mdogo, kwa sababu pesa yake yote iko baharini. Kama ndoto yako ni kuagiza bidhaa, ianze kwa oda zilizolipiwa kabla, hata kama ni chache na hata kama faida kwa kila moja ni ndogo.

Kipimo cha pili ni leseni za fani. Kusuka nywele, kulea watoto na kuuza chakula ni kazi ambazo watu hudhani hazina masharti kwa kuwa zinafanyika nyumbani. Marekani baadhi ya majimbo humtaka msusi awe na leseni na mengine yamemwondolea sharti hilo, hivyo kuvuka mpaka wa jimbo kunabadilisha kila kitu. Uingereza anayepika kwake na kuuza lazima ajisajili kwa halmashauri ya eneo lake angalau siku 28 kabla ya kuanza. Usajili huo ni bure, na hapo ndipo mtu hugundua kwamba kikwazo alichokuwa anakiogopa hakikuwa cha pesa, kilikuwa cha kujaza fomu mapema.

Angalia pia mkataba wako wa nyumba. Wenye nyumba wengi wanakataza biashara ndani ya jengo lao.

Hatua ya 4: Uza kabla ya kufungua

Ukisha kuwa na ruhusa na wazo, tafuta wateja watano wa kulipa. Wasiwe wa kusifu tu, na wasiwe ndugu. Watu wakikuambia "wazo zuri sana, ukifungua nitakuja", hawajakuambia kitu. Mwambie mtu bei, mwambie siku, kisha usikilize. Akisema "sawa, njoo Jumamosi", hilo ni jibu. Akianza kuuliza maswali mengi kuhusu bima yako, andika maswali hayo, kwa sababu ndiyo yatakayoulizwa na kila mteja wa maana katika nchi hiyo.

Wapitie pia washindani wako kama mteja. Piga simu, uliza bei, uliza wana nafasi lini. Wakikuambia wamejaa kwa wiki tatu zijazo, umepata habari nzuri kuliko utafiti wowote wa soko.

Hatua ya 5: Gawa pesa kabla haijagawanyika yenyewe

Tuchukue mfano wa mtu mwenye 4,000 za fedha ya nchi aliyopo, anayetaka kuanza huduma ya usafi huku akiendelea na ajira yake.

Kwanza aondoe 1,000 na kuiweka mbali: tiketi ya dharura, ugonjwa, msiba. Hiyo si mtaji, asiiguse hata biashara ikililia. Katika 3,000 zilizobaki, tuseme usajili na bima vinachukua 600 na vifaa 900. Anabaki na 1,500 za kuendeshea. Kama gharama zake zisizoepukika za kila mwezi (simu, usafiri, nyongeza za bima) ni 250, anaweza kuishi miezi sita bila mteja hata mmoja. Huo ni muda wa kutosha kujifunza.

Sasa mwongezee chumba cha ofisi cha 700 kwa mwezi chenye amana ya miezi miwili. Siku ya kusaini anahitaji 2,100, na hana. Ataazima, au atavunja ile 1,000. Na katika miji mingine kuna kilemba juu yake, kinachoenda kwa mpangaji anayehama na kisichorudi. Huduma ya usafi haihitaji mteja aje ofisini, kwa hiyo chumba hicho kingekuwa pambo tu.

Hesabu ya pili ni ya kila kazi. Kama anatoza 60 na sabuni pamoja na nauli vinakula 20, kila kazi inamwachia 40. Gawanya 250 kwa 40: anahitaji kazi saba kwa mwezi ili asipate hasara. Kazi ya nane ndiyo ya kwanza kumwachia 40 zote. Na kama kila kazi inachukua saa tatu ukijumlisha njia, anapata kama 13 kwa saa. Alinganishe na mshahara wa saa wa pale alipo. Ikiwa kubeba boksi kunalipa 15, ama apandishe bei, ama apunguze muda wa njiani kwa kutafuta wateja wa mtaa mmoja, ama akiri kwamba amejiajiri kwa mshahara mdogo kuliko aliokuwa nao. Wengi hawaifanyi hesabu hii ya mwisho, pengine kwa kuogopa jibu lake.

Hatua ya 6: Sajili kwa umbo dogo linalokufaa

Karibu kila nchi inakupa kuchagua kati ya kufanya biashara kama mtu binafsi na kufungua kampuni. Mtu binafsi hulipa kidogo na hujaza fomu chache, ila deni la biashara ni deni lake mwenyewe. Kampuni hukukinga zaidi lakini inataka hesabu za kila mwaka, na mara nyingi mhasibu. Kwa kazi zenye hatari ndogo naona mtu aanze kama mtu binafsi na kununua bima nzuri. Kwa kazi ambazo kosa moja linaweza kumuumiza mteja au kuharibu mali yake, kampuni inastahili gharama zake.

Ufaransa kuna umbo la micro-entrepreneur, lililoanza 2009, ambamo michango ya jamii inakokotolewa kwa asilimia ya mauzo: mwezi usipouza, huchangii. Uingereza anayejiajiri hajisumbui na usajili wa kodi mpaka mapato yake ghafi yavuke pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi, na akivuka ana hadi tarehe 5 Oktoba baada ya mwaka huo kwisha kujiandikisha.

Jihadhari na mawakala. Namba ya mwajiri ya Marekani, yaani EIN, hutolewa bure na mamlaka ya kodi IRS, na namba ya biashara ya Australia, ABN, pia ni bure. Kuna tovuti zenye sura rasmi zinazotoza kwa kukujazia fomu hizo hizo. Na kama umefungua LLC ya Marekani ukiwa nje, ukiwa mmiliki pekee, kuna fomu namba 5472 ya kila mwaka ambayo wauzaji wa "fungua kampuni kwa dakika kumi" kwa kawaida hawaisemi. Adhabu ya kutoiwasilisha inaanzia dola 25,000, hata kama kampuni haikupata faida.

Hatua ya 7: Akaunti, risiti na kodi

Fungua akaunti ya pekee ya biashara siku ile ile unayosajili, au karibu na hapo. Benki itataka uthibitisho wa anwani, kibali cha ukaazi na maelezo ya pesa inatoka wapi. Andaa ushahidi wa mtaji wako: hati za mshahara, barua ya mkopo, taarifa za akaunti ya nyumbani. Fedha taslimu isiyo na maelezo huchelewesha akaunti na wakati mwingine huifunga.

Kila pesa inayoingia, tenga asilimia 25 hadi 30 ya faida kwa ajili ya kodi, kwenye akaunti usiyoitazama. Aliyezoea kukatwa kodi na mwajiri husahau kwamba sasa yeye ndiye mkataji. Marekani aliyejiajiri hulipa asilimia 15.3 ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee juu ya kodi ya mapato, na wajibu huo unaanza mapato halisi yakifika dola 400 tu kwa mwaka.

Kodi ya ongezeko la thamani ina kizingiti chake, na biashara changa kwa kawaida iko chini: pauni 90,000 Uingereza, dola 75,000 za Australia, dola 30,000 za Kanada kwa robo nne za mwaka mfululizo, na Ujerumani yuro 25,000 za mauzo ya mwaka uliotangulia. Hesabu ni ya mauzo, si faida. Mwenye biashara ya bidhaa yenye faida nyembamba anaweza kuvuka mstari bila kuhisi ametajirika hata kidogo.

Hatua ya 8: Pesa ya kuongezea

Upatu bado ni benki ya haraka kuliko zote kwa watu wa ughaibuni, mradi wanachama wanajuana na zamu imeandikwa. Omba zamu ya mwisho au ya katikati. Ukipokea mwanzoni utakuwa unachangia kwa miezi kadhaa katika kipindi ambacho biashara haijasimama, na aibu ya kushindwa kuchangia inasambaa haraka kuliko ya deni la benki.

Mali kauli nayo inafanya kazi popote penye muuzaji wa jumla anayekuamini. Chukua kidogo, lipa kabla ya siku, chukua zaidi.

Upande wa taasisi, mpango wa Start Up Loans wa Uingereza unakopesha kuanzia pauni 500 hadi 25,000, lakini fahamu kuwa ni mkopo wa mtu binafsi: biashara ikifa deni linabaki kwako. Marekani, Kiva, jukwaa la mtandaoni ambapo watu wa kawaida hukopesha wengine, inatoa mikopo ya hadi dola 15,000 bila riba. Kabla ombi lake halijafunguliwa kwa umma, mwombaji hutakiwa awashawishi watu anaowajua wakopeshe kwanza kiasi kidogo, na hicho ni kipimo kizuri cha kama mtandao wako unakuamini. Ufaransa kuna Adie, shirika lililoanzishwa 1989 kwa ajili ya watu ambao benki huwafungia mlango.

Ukihamisha mtaji kutoka nyumbani, linganisha kiwango cha ubadilishaji, usiangalie ada peke yake. Huduma inayotangaza "bila ada" mara nyingi imeficha faida yake kwenye kiwango.

Hatua ya 9: Toka nje ya wenzako

Wateja wa kwanza watakuwa watu wa kwenu, na ni baraka. Watu hao hao ndio watakaoomba bei ya undugu, watakaosema "nitakutumia Ijumaa", na utakaokutana nao kwenye harusi ukishindwa kuwadai. Weka utaratibu tangu siku ya kwanza: bei imeandikwa, malipo ya awali yapo, ankara inatumwa hata kwa shemeji. Kisha tafuta mteja wa kwanza asiyezungumza lugha yako, kwa makusudi, ndani ya miezi ya mwanzo. Mtu huyo atakutaka ujibu barua pepe siku hiyo hiyo, utoe risiti na ufike kwa saa, na maoni yake mtandaoni yataleta wengine wasiokujua kabisa. Jamii yako ina ukomo wa idadi, na kila anayefika baada yako anafungua biashara ile ile.

Usiache ajira kwa sababu mwezi mmoja ulikuwa mzuri. Subiri biashara ilipe matumizi yako kwa miezi sita mfululizo, na uhakikishe kwanza kwamba kibali chako hakikutegemea ajira hiyo.

Hatua ya 10: Ukifunga, funga rasmi

Biashara ikishindikana, kuacha kupokea simu si kufunga. Kampuni ya Uingereza isiyofanya kazi bado inadaiwa hesabu za mwaka na taarifa ya kuthibitisha maelezo ya kampuni kwa Companies House, ofisi ya usajili wa kampuni, na kuchelewesha hesabu kunaanzia adhabu ya pauni 150 kwa kampuni binafsi. Omba ifutwe kwenye daftari, wasilisha marejesho ya mwisho ya kodi, futa leseni, sitisha bima, lipa wasambazaji, kisha funga akaunti ya benki mwisho wa yote, maana marejesho ya amana na ya kodi yanahitaji mahali pa kuingia. Barua za kufungwa zihifadhi. Ukiomba kuongezewa kibali au ukaazi wa kudumu, ofisa anaweza kuuliza kampuni ile iliishia wapi.